Masikio ya Bernice

Jumamosi ya kuhesabu ndege kulipambazuka na baridi ya kuuma mifupa. Ardis Tollefson alikwangua barafu kwenye kioo cha gari, akaweka darubini na chupa ya kahawa kwenye kiti cha mbele, halafu akakumbuka kwamba mwaka huu kiti hicho kina mtu. Akavihamishia nyuma.

Kila Disemba watu wa mji wao mdogo, kaskazini mwa Minnesota, waligawana misitu na barabara za mashamba, wakazunguka kutwa wakihesabu kila ndege waliyemwona au kumsikia. Hakuna aliyelipwa. Ardis na mumewe Norman walikuwa na upande wa kaskazini, kwenye vinamasi vya mierezi, tangu enzi ambazo Ardis alikuwa akipeleka barua huko huko. Norman alifariki mwezi wa Mei. Ruben, daktari wa mifugo mstaafu aliyepanga makundi, akampangia mwenzake mpya: Bernice, dada yake Norman, ambaye maishani mwake hakuwahi kuhesabu ndege ila bata mzinga wa Krismasi.

"Na huyo namhesabu mapaja tu," Bernice alisema, akijibanza garini na koti lake kubwa. "Wifi, hili gari halina joto?"

"Joto lipo. Funga mlango."

Kulikuwa na jambo ambalo Ardis hakumwambia Ruben wala mtu mwingine yeyote. Masikio yake yalikuwa yanakwisha. Maneno ya watu aliyapata bado, hasa ya Bernice. Sauti nyembamba ndizo zilizompotea, na ndege wengi wa msimu wa baridi husema kwa sauti nyembamba. Miaka ile ya mwisho aliyesikia ni Norman. Alimgusa mkono na kunyoosha kidole, naye Ardis akamtafuta ndege kwa darubini na kumtaja jina. Hawakuwahi kulizungumza.

Kwenye kinamasi cha kwanza walishuka wakasimama. Theluji ilikuwa imelala juu ya mierezi, na Ardis alisikia kimya kitupu.

"Hapa hamna kitu," alisema. "Twende."

"Na hicho kinacholia kama gurudumu la kitoroli cha mtoto?"

"Ni miti hiyo. Baridi ikizidi inalia."

Bernice alitazama juu, mikono mfukoni. "Basi mti wenu una mstari wa manjano kichwani na unarukaruka."

Ardis aliinua darubini. Walikuwa wanne, wadogo kama vidole gumba, wakipekua matawi kutafuta wadudu waliojificha. Aliwaandika. Waliporudi garini, Bernice alimkazia macho.

"Wifi, wewe husikii."

"Nasikia vizuri. Nakusikia wewe tangu saa moja asubuhi."

"Sisemi kwa ubaya."

"Basi usiseme."

Wakanyamaza mpaka kwa Orville Kivela, na kwa Bernice huo ulikuwa mwendo mrefu. Kivela alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe, anayeishi peke yake mwisho wa barabara, naye kila mwaka aliwajazia ndege mbegu za alizeti na kuwaruhusu wahesabuji waingie uani. Pikapu yake ilikuwepo. Ardis aligonga mlango, hakuna jibu. Hakushangaa, mzee huyo alikuwa na siku zake za kutotaka watu. Alisimama uani akahesabu ndege wenye kofia nyeusi waliokuwa wakigombania mbegu, kisha akatazama jua. Mchana wa Disemba huko ni mfupi, na nusu ya eneo lao ilikuwa bado.

"Tumemaliza. Panda."

"Yule kigong'ota hutamwandika?" Bernice aliuliza.

"Kigong'ota gani?"

"Anayegonga huko nyuma."

Ardis alivua kofia, akageuza kichwa huku na huku. Hakupata kitu. Angeweza kuandika kigong'ota mmoja na kuondoka. Hakuna ambaye angejua. Alisimama pale na kalamu mkononi, baridi ikimchoma masikio yale yale yaliyomtupa.

"Bernice," alisema mwishowe, "mimi simsikii. Niambie anagonga vipi."

Bernice hakucheka. Alifumba macho. "Ting, ting, ting. Anatulia. Halafu tena, ting, ting, ting. Kama chuma."

"Anagonga chuma?"

"Nakwambia ninachosikia."

"Chuma hukigonga akiita mwenza, baridi ikiisha. Disemba kigong'ota hana haja na chuma. Anatafuta chakula, na chakula kiko ndani ya mti." Ardis alikuwa tayari anatembea. "Nioneshe ni wapi."

Bernice akatangulia, akizama kwenye theluji mpaka magotini. Nyuma ya ghala, rundo la kuni lilikuwa limeporomoka, na chini yake alilala Orville Kivela, mguu umebanwa, mkononi kipande cha jiwe. Alikuwa akigonga toroli lililopinduka kando yake. Midomo ilikuwa ya buluu.

"Mmechelewa," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kunguru wakubwa wamepita wawili. Walinitazama kwa tamaa. Waandike."

"Nyamaza, Orville," Ardis alisema, akianza kuvuta magogo.

Bernice alivua koti lake kubwa akamfunika, akakimbilia jikoni kwenye simu ya mezani. Mguu ulipotoka, mzee alipiga ukelele ambao Ardis aliusikia barabara. Walimlaza juu ya blanketi, wakamnywesha kahawa kidogo kidogo mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Eneo lililobaki hawakulimaliza. Jioni, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, watu walikula supu huku Ruben akitaja ndege mmoja mmoja na kila kundi likijibu. Alipofika kwa wale wa mstari wa manjano, Ardis aliinua mkono.

"Wanne. Kawasikia Bernice. Mimi sisikii tena sauti zao, Ruben, na si jambo la mwaka huu."

Kijiko cha mtu kiligonga bakuli. Ruben alimtazama juu ya miwani yake.

"Basi mwakani mnakwenda pamoja tena."

"Hujaniuliza kama nataka," Bernice alisema, akimega mkate.

Kivela alilala hospitali hadi baada ya mwaka mpya, akarudi na magongo na malalamiko. Januari hiyo hiyo Bernice alimwendesha wifi yake hadi mji wa Duluth kupimwa, na wiki mbili baadaye wakarudi kuchukua vifaa vya kumsaidia kusikia. Walipotoka kwenye maegesho, Ardis alimshika mkono.

"Kitu gani hicho kinachotiktika?"

"Taa ya kukata kona, wifi yangu," Bernice alisema, akikata kona.