Hotipoti ya Maua Mekundu

Umewahi kufunga safari kwenda kudai chombo usichokihitaji? Wegesa aliifunga, Jumamosi asubuhi, akaacha gauni la watu mezani likiwa na mkono mmoja.

Chombo chenyewe kilikuwa hotipoti ya maua mekundu, kifuniko kimechubuka upande mmoja. Wiki tatu nyuma aliijaza samaki, sato wa kukaanga, akampa Ryoba, bwana mifugo wa Butiama, aliyekuja kwake Mwisenge kuchukua suruali alizomshonea. Ryoba akacheka, akaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaenda. Tangu hapo salamu alituma, ila habari za chombo kimya.

Wegesa alikuwa na miaka ishirini na tisa. Faustine, mchumba wake wa zamani, alimwacha kwa ujumbe wa maneno manne, na mvua hazijakatika akawa ameoa mwingine. Toka siku hiyo Wegesa alijifunza kuwahi: akihisi mtu anataka kumwacha, anamwacha yeye kwanza. Halafu anarudi kushona sare za harusi za wenzake, na usingizi haumjii.

"Angekutaka angeshairudisha," alisema Hilda, mwenzake wa cherehani ya pili. "Saa hizi wenzio wanapakulia pilau humo."

"Ni ya mama. Anaiulizaga kila siku."

"Mama yako ana hotipoti sita, dada."

Njiani alitoa simu, akairudisha kwenye mkoba, akaitoa tena. Aliposhuka Butiama alifunga kilemba upya mara mbili, akageuka kurudi stendi, akageuka tena.

Alimkuta Ryoba zizini, matope mpaka viwiko, akimpapasa tumbo ng'ombe mmoja mwekundu.

"Karibu, Wegesa. Mbona hukusema unakuja?"

"Sikai. Nimefuata hotipoti, mama anaidai."

Ryoba akamwacha ng'ombe. Akanawa taratibu, akaingia ndani, akatoka nayo. Ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa, imefungwa kitambaa cheupe.

"Niliona aibu kuirudisha," alisema. "Kwetu chombo cha mtu unayemheshimu hakirudigi kitupu. Huyu ng'ombe alikuwa azae wiki juzi, nikajua nitakuletea ikiwa imejaa maziwa yake ya mgando. Sasa mpaka leo hajazaa, kila siku nakuja kumshika tumbo. Ila kama mama anaidai, chukua tu."

Akaitoa kwa mikono miwili. Wegesa akaipokea. Ilikuwa nyepesi, na sasa hakuwa na sababu nyingine ya kusimama pale. Alitembea mpaka mlango wa zizi, mkono ukashika kijiti cha kufungia, ukakiachia, ukakishika tena.

Akarudi. Akaiweka hotipoti juu ya kisiki, karibu na ndoo ya kukamulia.

"Mama hajaidai," alisema, macho chini. "Nilitaka niichukue kabla hujanikataa. Mimi nakutaka, Ryoba. Hicho ndicho kilichonileta."