Namba Moja, Wagonjwa Wawili

Siku ya tisa baada ya kumzika mdogo wake, Jedwali alirudi kazini akakuta mashine imemuua na mama yake.

Jedwali ni jina alilopewa na wenzake hospitalini, maana ndiye aliyesanifu kanzidata ya wagonjwa, na akianza kuisimulia, chai ya watu hupoa. Muuguzi wa kliniki ya macho alimpigia saa nane mchana.

"Dada, mama yako hayumo kwenye orodha ya kesho. Mfumo unasema amefariki. Na huyu daktari wa mtoto wa jicho akiondoka kesho, harudi mpaka mwakani."

"Nitaangalia," alisema. Hakushtuka. Tangu msibani alikuwa amekufa ganzi, hata pole za watu alizipokea kwa kutikisa kichwa tu.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Miaka sita nyuma aliamua kila mgonjwa atambulike kwa namba ya simu. Walipomuuliza kama inafaa, alijibu kwa maringo kwamba hakuna namba mbili zinazofanana. Sawa, hazifanani, lakini watu wawili hutumia simu moja, na msomi wetu alisahau kwamba kwao, mama na mdogo wake walikuwa na simu moja tu, ikikaa mezani sebuleni. Mfumo ulipomkataa mdogo mtu, watu wa mapokezi hawakujisumbua. Mahudhurio yake yote waliyaandika kwenye faili la mama. Alipofariki wakabonyeza "amefariki", na mfumo ukafuta miadi yote iliyokuwemo.

Alianza kupanga upya. Kila mgonjwa akapata namba yake mwenyewe, isiyotegemea kitu kingine, na simu zikahamia jedwali la peke yake, ambako wagonjwa wawili wangeweza kuelekezwa kwenye simu moja bila kugombana. Hilo halikumchukua muda. Kazi ilikuwa ile mistari arobaini na mmoja ya mahudhurio, ambayo haikusema ni ya nani. Ya macho, mama. Ya figo, mdogo wake. Alihamisha mmoja mmoja, hahisi chochote.

Mstari mmoja uliandikwa "ushauri" tu. Akampigia mama.

"Mama, tarehe tatu mwezi wa pili ulikuja hospitali?"

"Mimi? Siku hiyo sikutoka. Alitoka mdogo wako, akasema anakwenda kusuka. Akarudi hajasuka, eti foleni ilikuwa ndefu."

Jedwali akauhamisha mstari. Kumbe mdogo wake alijua kuwa anaumwa figo miezi mitano kabla ya wao nyumbani kujua, akawaficha. Alingoja machozi, hayakuja. Akarudisha miadi ya mama, akahakikisha jina limeingia kwenye orodha ya kliniki.

"Tayari, mama. Kesho saa mbili asubuhi. Mashine ilikuhesabu marehemu, nimesharekebisha."

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msibani. "Haya makubwa! Kwa hiyo mwanangu umenifufua."

"Nimekufufua, mama."

Kisha mama akauliza, "Na mdogo wako je?"

Kwenye skrini, mstari mpya wa mdogo wake ulikuwa umejaa: jina, mwaka wa kuzaliwa, mahudhurio kumi na tisa. Palibaki sehemu ya hali, yu hai au amefariki, na hakukuwa na mwingine wa kuijaza.

"Bado sijamaliza kumwandika, mama," alisema, na sauti ikamkatika.