Sahihi ya Bibi Stojanka

Rumenka aliingia bila kubisha hodi. Siku ya mtakatifu wa ukoo haalikwi mtu na hafukuzwi mtu, hata mwenye nyumba akiwa Miroljub, mwenyekiti wa chama tawala mjini, na mgeni akiwa mwiba wake.

Chama cha Rumenka kiliitwa Chama cha Mabenchi, na ilani yake ilikuwa sentensi moja: kila kituo cha basi kiwe na benchi. Walikwisha kuweka kumi na moja, manispaa ikayang'oa yote. Watu walicheka, kisha wakaogopa, maana anayetia sahihi hujulikana kazini kesho yake. Ili waingie kwenye karatasi ya kura zilitakiwa sahihi mia mbili. Walikuwa nazo mia moja tisini na tisa, na mwisho ni leo saa kumi alasiri.

Alikula kijiko cha ngano ya sukari kama mila itakavyo, akaikabili meza nzima.

"Nani hapa hajatia sahihi popote? Namtaka mmoja tu."

Miroljub akaangua kicheko. "Dada, kula nyama uende zako. Nyumba nzima imo kwenye orodha yangu, na sheria hairuhusu mara mbili."

"Mimi simo," alisema mama yake, Bibi Stojanka, sinia mkononi.

"Mama, acha utani."

"Utani gani? Makaratasi yako uliyafikisha hata kwa yule mlevi Žika. Kwangu hukuja. Mimi ni kabati?"

Kweli tupu. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa mama wa mwenyekiti alihesabiwa mali ya mwenyekiti. Rumenka alitamani kumkumbatia.

Dragoljub, mthibitishaji ambaye bila muhuri wake sahihi haihesabiwi, aliinamia supu yake. "Leo sikukuu, bibi. Ofisi imefungwa."

"Na muhuri umo kotini mwako. Kwenye mazishi ya mume wangu ulipiga mihuri mitatu kabla jeneza halijatoka. Weka kijiko chini!"

Miroljub akasimama. "Mama, wilaya nzima itanicheka! Na hawa watapata kura ngapi? Mia? Hawafiki popote!"

"Zikiwa mia," Rumenka akamjibu, "ni mia msizozinunua."

Bibi Stojanka aliandika jina lake pole pole, herufi kwa herufi. Muhuri ukagongwa. Ndipo akamgeukia mwanawe.

"Kama hawafiki popote, mwanangu, mbona jasho linakutoka?"