Jua la Githongo

Saa moja asubuhi, Julai mwaka 2000, Ruqia alimaliza kuanika nyama nyuma ya duka lake la vitambaa pale Kitengela. Ilikuwa paja la ngamia, limekatwa vipande virefu vyembamba na kutiwa chumvi. Bintiye Yurub alikuwa anaolewa baada ya siku tisa. Kwa Wasomali wa kwao, mama wa bi harusi hujaza nyirinyiri, nyama kavu iliyokaangwa kwa samli, katika chombo cha kusukwa, akakifunga kwa kamba yenye mafundo mengi, na siku ya saba ya ndoa wakwe hukifungua mbele ya watu. Nyama ikitoa harufu, anayesemwa ni msichana, na atasemwa mpaka awe na wajukuu.

Siku hiyo jua halikutoka. Aliyetoka ni Githongo.

Jua lilikuwa limeshikwa na kifua kwa sababu ya baridi ya Julai, likaenda kutibiwa na kuacha ujumbe kwamba litarudi. Lakini kiti kikikaa wazi Kajiado hata siku moja, hakikosi mtu. Githongo, mwenye ploti nyingi kuliko yeyote upande ule wa barabara ya Namanga, alipanda ngazi ya tangi lake la maji, akalipita tangi, akaendelea kupanda. Saa nne, baada ya kunywa chai yake, alikuwa juu ya mji na koti lake la kijivu, anang'aa. Watu walilalamika tu kwamba amechelewa.

Aling'aa kwa upendeleo. Ploti alizokuwa akiuza zilimulikwa kutwa nzima, ili wanunuzi kutoka Nairobi wavione vigingi. Nyuma ya duka la Ruqia kulibaki kivuli. Siku ya pili nyama ilianza kuteleza mkononi. Ruqia alinusa vidole vyake, akaitia chumvi tena.

"Ngoja tu," alisema Naserian, jirani yake muuza maziwa. "Kwa hadithi za kwetu, kuna mtu alikalia kiti ya jua. Siku ya tatu akaungua, akaanguka."

Siku ya tatu Githongo hakuanguka. Alikuwa hata amenenepa kidogo.

Siku ya nne mkewe, Keziah, alipita madukani na karatasi iliyopigwa taipu. Ilisema kwamba walioweka sahihi hapo chini wanamjua Githongo kuwa ndiye jua la Kitengela kwa miaka kumi na miwili mfululizo, muda ambao sheria humpa mtu ardhi aliyoikalia, na hakuna aliyewahi kupinga.

"Ni karatasi tu, Mama Yurub," Keziah alisema. "Ukisaini, kesho anaangalia huku kwako."

Naserian aliijua karatasi ya namna hiyo. Baba mkwe wake aliwekea nyingine kidole gumba mwaka wa 1991, na tangu hapo ng'ombe wao huzunguka ua wa Githongo wakienda kunywa maji.

"Usisaini, Ruqia. Hiyo ndiyo ilikula shamba yetu."

"Niko na harusi, Naserian."

"Najua uko na harusi."

Ruqia alisaini. Alikuwa wa kwanza, kwa mwandiko mzuri, na wenye maduka wengine walipoliona jina lake nao wakasaini chini yake.

Kesho yake Githongo aligeuza uso, akaangalia nyuma ya duka. Kwa siku mbili nyama ilikauka mpaka ikavunjika kama ukuni. Ruqia aliikatakata, akaikaanga kwa samli na iliki, akafunga mafundo yake. Siku ya saba ya ndoa wakwe walifungua chombo, wakala, wakasifu, na mama mkwe akamkumbatia Yurub mbele ya watu wote. Ruqia alilia kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli.

Agosti jua lilirudi kwa miguu kutoka upande wa Namanga. Lilikuwa bibi mfupi wa shuka mbili, kifua bado kinakwaruza. Alikwenda ofisi ya ardhi kudai kiti chake. Karani alitoa karatasi ya Keziah, akamsomea jina la kwanza kwa sauti.

Bibi akaja dukani. Ruqia alimjua kwa joto lililotangulia kuingia mlangoni. Naserian, aliyekuwa akipima maziwa, aliinamisha kichwa ili aguswe utosi.

"Takwenya, Koko," alimwamkia bibi kwa Kimaasai.

"Iko," bibi aliitikia.

Ruqia alimwekea kiti na chai, na kwa kuwa kwao mgeni hapewi chai tupu, akamletea nyirinyiri iliyobaki. Bibi alitafuna taratibu, maana meno yalikuwa machache.

"Imekauka vizuri," alisema.

"Asante, mama," Ruqia alijibu, akiangalia sakafu. Aibu ilimchoma kuliko joto lile.

Bibi alimaliza chai yake, akauliza ni wapi anaweza kupata chumba cha kukodi. Ruqia akamwelekeza kwenye ploti za Githongo, kwa sababu hakukuwa na nyingine.