Gunia la Mwisho Banioni

Damari alikuwa ameinama mferejini, anasugua sufuria kwa majivu, pale mtendaji wa kijiji alipopita na pikipiki akitangaza kwamba kila kaya itoe mtu mmoja, na mtu aje na chepe. Damari hakuinua kichwa. Alijua msaragambo huo, kazi ya kijiji kizima, ni wa nini. Kiangazi kikishika Usangu, wakubwa huukumbuka mto.

Mfereji huo uliingia kijijini, nje kidogo ya Ubaruku, kupitia banio, mlango wa zege ambao wakulima hufungulia maji ya majaruba yao ya mpunga. Mpunga ulishavunwa. Yaliyobaki kutiririka yalikuwa ya kunywa, ya kupikia na ya kuogeshea watoto, maana pampu ya kisima ilikufa kitambo, na kila fundi aliyekuja kuitazama aliondoka akiahidi kurudi na kipuri. Banio likizibwa, ndoo itafuatwa mtoni kwenyewe, uende na jua urudi na jua. Na goti la kushoto la Damari lilishakataa safari za namna hiyo.

Alikwenda. Usipokwenda unapigwa faini, na atakayelipa ni kuku wako.

Aliwakuta watu wamekaa kingoni mwa banio. Bwana maji kutoka mjini, kijana aliyeitwa Philbert, alikuwa akieleza kwa upole kabisa. Ruaha Mkuu unakauka, alisema. Matete ya kinamasi cha Ihefu, yaliyokuwa yakitunza maji kama sifongo, yamenywea. Bwawa la Mtera nalo linasubiri maji lizalishe umeme. "Ndugu zangu, tukiziba mabanio haya ya vijijini kiangazi hiki, mto utapumua."

"Juzi mlisema ng'ombe," akasema Kulwa, Msukuma aliyehamia huko na kundi la baba yake. "Eti wanaumaliza mto. Nikapunguza kundi nusu. Mto umerudi?"

"Tena waliwasingizia, Kulwa," akadakia Lea, jirani yake Damari. "Ng'ombe walikuwa wanayarudisha maji kwa kukojoa."

Watu wakacheka. Philbert naye akacheka, kisha akamsimamisha mgeni aliyekuja naye, mzee Ambrosi, Mhehe wa Idodi, aje aseme yanayotokea huko chini, mto unakoelekea.

"Kamwene," akasalimia Ambrosi.

"Kamwene," wakaitika.

"Wenye mbwa wawafunge," akasema Kulwa, kwa ule utani kwamba Wahehe hula mbwa. "Mhehe kaingia."

"Mbwa wenu wamekonda kuliko mto," akajibu Ambrosi. "Kaeni nao." Akangoja kicheko kiishe. "Mimi sikuja kugombana. Kule kwetu kiboko analala kwenye tope, mgongo umepasuka kama kisigino. Mke wangu anafukua mchanga katikati ya mto apate kikombe cha maji, na kikombe chenyewe anakinga anangoja. Nimekuja kuomba maji, basi."

Maneno hayo yalimwingia Damari. Anayefukua mchanga ni mwanamke kama yeye, labda na goti kama lake. Hata hivyo akanyoosha mkono.

"Mwanangu, lile shamba kubwa hapo juu, mlango wao nao tunauziba leo?"

"Wale wana kibali, mama."

"Na sisi?"

"Ninyi mna cha masika tu."

"Na kiangazi tunywe nini? Tuachieni hata mkondo wa kuchotea, upana wa ndoo."

Philbert akakuna kidevu. "Hoja yako nimeipokea, mama."

Hapo Damari akajua imekufa. Hoja ikishapokelewa hakuna anayeiona tena.

Kazi ikaanza. Wanaume waliteremsha mbao, wanawake wakajaza mchanga kwenye magunia ya mbolea, wakayapitisha mkono kwa mkono hadi majini. Mfereji ukapungua, ukaacha mstari wa tope bichi kwenye kuta zake. Waliziba kwa ustadi, maana ndiyo kazi yao. Hakuna aliyejifunza kuziba vibaya. Gunia la mwisho alilijaza Damari, akalifunga kwa kamba ya katani. Lea akanyoosha mikono alipokee.

Damari akalikalia.

"Mama, bado hilo moja," akasema Philbert.

"Naliona. Nimechoka, napumzika."

"Utapumzika mpaka saa ngapi?"

"Goti halijaniambia."

Mtendaji akamwamuru ainuke. Lea akamwangalia mtendaji, akaangalia mwanya uliobaki, akaketi chini karibu na Damari. Wengine nao wakaketi, mmoja mmoja, kama watu wanaongoja mashine ya kukoboa iwashwe. Kulwa akaondoka na chepe lake.

 Philbert akatoa simu, akaenda upande wa pili wa banio, mahali mwanya hauonekani, akapiga picha mbili tatu. Akapanda gari lake pamoja na mtendaji, akamwita Ambrosi.

"Nipe dakika," akasema Ambrosi. Akaja hadi mbele ya Damari, akayatazama maji yanayopenya. "Mke wangu angekulaani, mama."

"Angekuwa na haki."

"Ingawa haya, hata mkiyaziba, ni kidogo, hayafiki Idodi. Mengi yanaishia kule." Akaelekeza kidole juu, kwenye mlango wa shamba kubwa. "Nikirudi wataniuliza nimeleta nini. Niwaambieje?"

Damari akautazama mlango huo wa juu.

"Waambie maji yapo," akasema. "Yana kibali."

Philbert akapiga honi. Ambrosi hakugeuka. Damari akasogea kidogo, na mzee akaketi kwenye ncha ya gunia.