Nguru Asiyepimwa

Ghaith alikuwa mtu wa ubao. Kila samaki aliyepanda kwenye boti yake, awe wa kuliwa au wa kurudishwa, alilazwa kwanza juu ya ubao wa plastiki uliochorwa sentimita, nao ubao ulilowanishwa maji ya bahari ili usimchubue. Akapimwa kutoka ncha ya mdomo mpaka panda ya mkia, akapigwa picha, na mgeni akaambiwa urefu wake hasa. Wageni wengine hawakupenda. Mtu amepambana na kolekole mpaka mikono inamtetemeka, anataka kuamini kwamba amevua dubwana, kisha anaambiwa sentimita hamsini na mbili. Ghaith hakupata kuongeza hata moja. Alikuwa amesomea samaki chuo kikuu, akafanya kazi ya utafiti miaka kadhaa kabla ya kununua boti na kuanza kuwaongoza watu kuvua karibu na pwani, na kwa maoni yake samaki mmoja ana urefu mmoja tu.

Asubuhi hiyo mgeni alikuwa mtu mmoja, na hakuja kwa ajili ya samaki.

Mzee Humaid, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa baba yake Ruba, na Ruba ndiye mwanamke ambaye Ghaith alitaka kumwoa. Shangazi yake Ghaith, Nasriya, alikuwa amekwenda kupeleka posa nyumbani kwao Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Maskati. Hakupewa ndiyo wala hapana. Humaid alimsikiliza mpaka mwisho, akaagiza aongezewe kahawa, kisha akauliza kijana hasa anafanya kazi gani. Nasriya akaeleza. Humaid akatua kikombe.

"Kasoma mpaka kapata shahada," alisema, "kanunua boti, anakwenda baharini, anamshika samaki, halafu anamwachia. Nimefahamu vizuri?"

"Wengine wageni wanawachukua," alisema Nasriya.

"Basi nnataka nikaone kwa macho yangu."

Usiku wa kuamkia safari Ruba alimpigia Ghaith simu.

"Baba akigomba, usijali. Akigomba ana raha. Akinyamaza ndipo mambo yameharibika."

"Taib."

"Na usibishane naye."

"Na akisema kitu ambacho si kweli?"

"Ghaith."

"Nauliza tu."

"Nami nakujibu. Usibishane naye."

Humaid alifika bandari ya Sib kabla ya jua kuchomoza, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni juu ya suruali, kofia kichwani, na nyuma yake anaburura sanduku la barafu ambalo mbuzi mzima angelala ndani bila kukunja miguu. Mama Ruba, alieleza, amekwishakuna nazi. Thabit, kaka yake Mama Ruba, anakuja kutoka Ansab kula chakula cha mchana. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kurudi mikono mitupu.

Ghaith alilipakia sanduku, akawasha mashine, wakatoka. Bahari ilikuwa shwari na hewa nzito, kama inavyokuwa Maskati mwishoni mwa Septemba, joto lenyewe bado halijaamini kwamba kiangazi kimekwisha. Alifuata pwani kuelekea mashariki mpaka kwenye miamba anayoijua, akapunguza mwendo, akampa mzee fimbo yenye gurudumu la mshipi.

"Fimbo ya nini? Tumekuja kuchunga mbuzi?" alisema Humaid. "Mimi nimevua Mizingani, Unguja, na mshipi wa mkono tangu sijaota meno ya pili."

"Huu mshipi ni mwembamba, ami. Utakukata vidole."

"Nyinyi watu wa bara mlijifunza lini kuvua? Babu yako si alikuwa na duka Tabora? Tabora kuna bahari?"

"Hakuna, ami. Kuna asali."

Humaid alimtazama, akaichukua fimbo. Alikuwa akigomba, na Ghaith alishusha pumzi.

Mzee alivua vizuri. Mikono yake ilikuwa na kumbukumbu, na baada ya kutupa mara chache alikuwa ameshaizoea fimbo, ingawa aliendelea kuitukana. Alipata changu wawili wazuri, mmoja baada ya mwingine. Wakapimwa, wakaingia kwenye barafu. Wa tatu alikuwa chewa mchanga. Ghaith alimlaza kwenye ubao, akasoma kipimo, akamtia majini.

"Huyo akikua atakumbuka wema wako?"

"Hatakumbuka, ami. Lakini atazaa."

"Nnakuuliza kama Mwislamu. Kumtoboa kiumbe mdomo, kisha kumwachia, faida yake nini? Samaki ameumbwa tumle. Huo mchezo wenu ni kumtesa."

Swali hilo Ghaith alikuwa amejiuliza mwenyewe zamani, kwa hiyo jibu alikuwa nalo. Alimwonyesha ndoana: kijino chake kilikuwa kimebanwa kwa koleo ili itoke bila kuchana. Akasema kwamba mgeni akipata wa kutosha nyumba yake, boti inageuza, hata kama saa zake alizolipia hazijaisha. Wanaotaka kuvua na kuachia mchana kutwa huwaambia wamtafute mtu mwingine.

"Wanakubali?"

"Wengine wanakasirika."

"Hm," alisema Humaid, na Ghaith hakujua hiyo "hm" aiweke upande gani wa hesabu.

Mbele yao ndege walianza kushuka majini, na dagaa wakaruka kwa pamoja kama mtu amemwaga sarafu. Humaid hakungoja kuambiwa. Alitupa nyuma kidogo ya ndege, akavuta upesi, na mara mshipi ukaondoka. Gurudumu lililia. Mzee alirudi nyuma hatua, akajikita kwa goti kwenye ukingo wa boti, akaacha kugomba.

Alipambana naye muda mrefu. Kila alipomvuta karibu, samaki aliiona boti na kukimbia upya. Ghaith aligeuza boti taratibu kumfuata, akisema maneno machache tu: mwache aende, sasa vuta, mwache. Mwishowe samaki alikuja ubavuni, mrefu, wa fedha, na mistari ya kijivu imeshuka mbavuni kama wino uliopita kwenye karatasi. Ghaith alimtambua kabla hajafika juu.

"Nguru," alisema Humaid. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Tangu nimekuja Maskati sijapata kuvua nguru. Tunanunua sokoni tu. Leta kulabu."

Ghaith hakuchukua kulabu.

"Ami, nguru amefungwa."

"Amefungwa na nani?"

"Sheria. Mpaka katikati ya Oktoba. Wanaachwa wazae. Havuliwi, hauzwi, hachukuliwi."

"Mimi simwuzi. Nnamla."

"Wala haliwi, ami."

Humaid alitazama upande wa bahari, kisha upande wa pwani. Hapakuwa na boti nyingine.

"Hapa nipo mimi na wewe," alisema.

"Ndiyo, ami."

"Na mimi ndiye baba yake Ruba."

"Najua, ami."

Ghaith alijua pia mambo mengine. Alijua kwamba kibali chake cha kazi kingeweza kuondoka pamoja na samaki huyo, lakini uwezekano wa kukaguliwa saa hiyo ulikuwa mdogo, na hakutaka kujidanganya kwamba hilo ndilo lililomzuia. Kilichomzuia ni kwamba kila mwaka, katika wiki hizo, huwaambia wageni hapana, wote, na hapana hiyo ina maana kwa sababu haina mlango wa nyuma. Akimfungulia mtu mmoja kwa sababu ya binti yake, kuanzia kesho atakuwa anawaambia wengine uongo.

"Nisamehe, ami," alisema. "Simpandishi."

Akainama, akachomoa ndoana kwa koleo, akamshika samaki kwenye shina la mkia. Nguru alikuwa amechoka. Ameanza kulala ubavu. Nguru hawezi kungoja, hupumua kwa kwenda. Ghaith aliiacha boti ijongee mbele taratibu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine majini, maji yakipita kwenye mashavu ya samaki, mpaka alipohisi mkia unakaza. Akafungua vidole. Kilichobaki ni mapovu.

Aliponyanyuka ndipo alipouona ubao, mkavu, pale pale chini ya kiti. Hakumpima. Katika samaki wote waliofika kwenye boti hiyo, huyo alikuwa wa kwanza kuondoka bila kipimo wala picha, na ingawa alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kumhuzunisha, jambo hilo nalo lilimkera.

Humaid aliketi mbele, akampa mgongo. Ghaith alimpa chupa ya maji. Aliipokea bila neno. Alimwuliza kama angependa kujaribu mwamba mwingine, mzee akatikisa kichwa. Njia nzima mpaka Sib kulikuwa na sauti ya mashine tu, na Ghaith alikuwa na wakati wa kutosha kukumbuka maneno ya Ruba. Hakuona mahali ambapo angefanya tofauti. Hilo halikumfariji hata kidogo.

Walipofunga boti mzee alisema sentensi yake ya kwanza.

"Lete sanduku nyumbani. Utakula kwetu."

Ghaith aliielewa. Watu wenye adabu hawamnyimi mtu binti bandarini. Humlisha kwanza.

Nyumbani, Thabit alikuwa amekwishafika, mtu mnene mwenye macho ya kucheka, ameketi sebuleni karibu na kiyoyozi. Alinyanyuka kulifungua sanduku yeye mwenyewe, akatazama ndani, akainua uso.

"Shemegi, sanduku la ngamia limebeba changu wawili. Hind, zile nazi ulizokuna warudishie wenyewe."

Hind, mama yake Ruba, alisema changu wawili wanawatosha watu wenye adabu, akawachukua jikoni. Ruba alikuwa mlangoni mwa jiko. Alimtazama baba yake, kisha akamtazama Ghaith akiuliza kwa nyusi. Ghaith akatikisa kichwa.

Humaid alinawa, akaketi, akavua kofia, akaiweka gotini. Bado kimya.

"Bahari imekunyima," alisema Thabit.

"Kaa chini, Thabit."

"Nimekaa."

"Basi sikiliza."

Na Humaid akaanza. Alianza na ndege, akaja kwa dagaa, akaeleza jinsi alivyotupa na kwa nini pale na si kwingine. Hakugugumia wala kurudi nyuma. Kila neno lilikuwa mahali pake, na Ghaith, akisikiliza, alianza kuelewa mzee alikuwa akifanya nini njia nzima kule mbele ya boti. Alikuwa akitunga.

"Akaja ubavuni. Nguru. Kutoka hapa," Humaid alinyoosha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, ikaonekana mikono miwili haitoshi, akaelekeza kwa kidevu, "mpaka kwenye mguu wa ile meza. Mita moja na nusu."

"Na yuko wapi?"

"Nimemrudisha."

"Umemrudisha," alisema Thabit.

"Msimu umefungwa, bwana. Wanazaa. Sheria ni sheria. Wewe ungemfunika na barafu ukapita naye, nnakujua."

Hapo hofu ya kwanza ilimtoka Ghaith: mzee hakuwa na kinyongo cha samaki. Ya pili, ya ile mita moja na nusu, ilibaki, kwa sababu Thabit alikuwa amemgeukia.

"Ngoja. Wewe si ndiye unayempima kila samaki? Ruba ametuhadithia mpaka tumechoka. Tupe kipimo. Picha iko wapi?"

Humaid hakumtazama Ghaith. Alikuwa akiinyoosha kofia yake gotini kwa uangalifu mkubwa. Mlangoni, Ruba alikuwa amefumba macho.

Ghaith alitafuta cha kusema na akakuta, kwa mshangao, kwamba ukweli ulikuwa upo tayari na haumdhuru mtu.

"Sikumpima," alisema.

"Hukumpima?"

"Alichoka sana. Ningekwenda kuchukua ubao angekufa. Ni samaki wa kwanza kuondoka bila kupimwa."

"Basi kwa macho."

"Kwa macho sisemi, mzee Thabit. Samaki akiwa ndani ya maji macho hukosea ukubwa. Hilo limethibitishwa."

"Umesikia," alisema Humaid. "Mtaalamu amezungumza."

"Hajasema kitu."

"Ndio utaalamu wenyewe. Anajua asichokijua." Akaivaa kofia. "Hind. Mwambie Nasriya waje Ijumaa baada ya Alasiri, na wazee wao. Wote, na wa Tabora pia. Waje na asali."

Jikoni kitu cha bati kilianguka, na hakuna aliyeuliza ni nini.

Ghaith aliegemea mto kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Ruba alipoleta wali alipita karibu naye, akasema bila kufungua midomo sana, "Nilikosea. Kumbe akinyamaza kuna mawili."

Changu wa kupaka walikuwa wazuri, na walitosha. Humaid alipofika kwenye sahani ya pili Thabit alimtaka aeleze tena pale samaki alipokimbia mara ya mwisho, naye akaeleza, na nguru alikuwa ameongezeka shubiri. Ghaith alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akaomba aongezewe mchuzi.