Mashini ya Papa Libérat

Sisi wa biro ya ushirika wa mchele, hapa Kimanga, tulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine: kila siku saa ya chakula, Papa Libérat alizima seva ya imeili ipumzike. Jenereta tunaipumzisha, alisema, sasa hii nayo si mashini? Anaifunika kitenge, anaenda zake kula sombe. Mteja wa Kalemie akituandikia muda huo kuulizia mchele, meseji inamrudia mwenyewe, na sisi tunabaki kumlaumu kwamba siku hizi haandiki.

Mimi Marie-Jeanne, sekretere, nilimtania mpaka nikachoka. Seva aliitunza yeye peke yake, na aliipenda kupita kiasi. Sanduku lako la meseji likijaa, anakuita chumbani mwake, anakukalisha, anaanza: "Mama, hii ya Pasaka, ungali unaihitaji?" Ukisahau neno la siri, unamngoja yeye. Akishikwa na malaria, biro nzima inalala. Hata Jumapili, akitoka kanisani, lazima apite kuichungulia.

Tulicheka, lakini jambo moja halikuchekesha. Binti yake mkubwa, Anne-Marie, alipoletewa dote, yaani mahari, nyumbani kwao Sange, seva iligoma asubuhi ileile na Papa Libérat akabaki Kimanga kuibembeleza. Msemaji wa wakwe akauliza, kama inavyoulizwa siku zote, baba wa binti yuko wapi. Aliyesimama kujibu ni Mathieu, mdogo wake Libérat. Tangu hapo Anne-Marie anamsalimia baba yake vizuri, anampakulia chakula, na maneno yanaishia hapo. Sasa zamu ya Jolie, binti wa pili, ilikuwa inakaribia, na mzee alikuwa ameanza kusema ataona kama ataweza kwenda.

Ataona nini? Nilikasirika. Nikaingia kwa direkta wetu, Bruno, nikamwambia hiyo mashini ibadilishwe kabla ya dote. Naye alikuwa amechoka kukosa wateja, akamwita fundi, dada mmoja mpole anaitwa Uwituze.

Papa Libérat alinuna. "Hii ya zamani inanijua minye," alimwambia. "Hiyo yako itamujua nani?"

"Itakujua weye vilevile, papa," Uwituze akajibu. "Hata ukiwa Sange."

Akatuhamishia kwenye huduma ya mtandaoni bila kupoteza meseji hata moja, ile ya Pasaka ikiwemo. Nafasi ikawa kubwa, tukaacha kuitwa chumbani. Tukaanza kusoma na kujibu kwenye simu zetu, popote tulipo. Ukisahau neno la siri unajitengenezea jipya mwenyewe. Wale wajane wa uongo waliokuwa wakituandikia kila asubuhi kutuahidi urithi wakachujwa wote, na Kankindi wa stoo akawasikitikia. Papa Libérat naye akawekewa kila kitu kwenye simu: nani ameingia, nini kimekwama, nakala za akiba zimehifadhiwa au la. Saa ya chakula alibaki ameshika kitenge chake, hana cha kufunika. Nilimcheka, halafu nikamwonea huruma.

Jumamosi ya Jolie tukaenda Sange, mzee mwenyewe, mimi na Kankindi, na wateja tuliwajibu njiani humohumo.

Sebuleni kwao, Papa Libérat alikaa mbele ya ukoo, simu kiganjani. Mimi nilikuwa nyuma yake. Msemaji wa wakwe akasimama, akasalimu ukoo, akauliza, "Baba wa binti iko?"

Simu ikalia. Alikuwa direkta, ameshindwa kufungua sanduku lake. Mzee akainuka nusu, macho yanatafuta mlango, na hapo niliogopa kweli. Mathieu, kwa mazoea, alikuwa tayari amesimama anafunga vifungo vya koti.

Papa Libérat akanipa simu bila kugeuka. "Jibu weye, mama." Kisha akamvuta Mathieu kwa koti, akamkalisha.

"Minye niko," alisema.

Nikamwandikia direkta abonyeze palipoandikwa "umesahau neno la siri". Akabonyeza, akaingia. Hakuna aliyekufa.

Vinywaji vilipopita, Anne-Marie ndiye aliyekuwa anagawa. Alianza na baba yake, akamjazia glasi polepole.

"Kwangu alijibu baba mudogo," alimwambia.

"Najua."

"Nilikuwa nyuma ya mulango, papa. Nilikuwa nangojea sauti yako."

Mzee alishika ile glasi kwa mikono miwili, hakunywa, na Anne-Marie akaweka chupa chini, akakaa karibu naye. Simu ilibaki kwangu mpaka jioni, na hakuiulizia.